Mwadhini na Safu ya Kushoto

Mwadhini wetu alikuwa na saa ya mkononi isiyotembea. Aliivaa kila siku mkono wa kushoto, kioo kimepasuka, mishale imesimama kwenye saa nne na robo. Mtu akimwuliza saa, alitazama kivuli cha pampu ya maji kisha akajibu bila kusita. "Hii ni pambo," alikuwa akisema, akiigonga kwa ukucha. "Kazi inafanywa na jua."

Nilikuwa jirani yake miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Rubondo. Mimi nilifundisha watoto Kurani katika chuo kilichoezekwa kwa nyasi. Yeye aliadhini, aliosha maiti wa kiume, na alitunza makaburi yetu sisi Waislamu. Alikotoka sitaeleza. Kule makazini kila mtu huulizwa habari hizo mpaka akachoka, naye jibu lake lilikuwa moja: "Nimetoka nyumbani kwangu, pale unapoona moshi." Nami nitamwacha pale pale.

Mambo yake hayakufanana. Hakumvumilia mtu anayechelewa swala, lakini yeye mwenyewe alichelewa kila mahali pengine. Miaka ile sukari ilikuwa ngumu kupatikana, hata Mbarara, naye aliificha katika kopo lililoandikwa dawa ya mchwa ili wageni wasiiguse. Akisikia kuna mgonjwa kijiji jirani cha Juru, alilichukua kopo lote akalipeleka kwa baiskeli, na mkewe akabaki akinywa chai bila sukari na kumsema mpaka magharibi. Sauti yake ya kuongea ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Sauti yake ya kuadhini ilikuwa kitu kingine kabisa. Mara nyingi nilisimamisha somo ili niisikilize tu, na watoto walijua kwamba hapo wanaweza kuchezea wino.

Hatukuwa na kipaza sauti. Alipanda juu ya pipa lililopinduliwa, akaelekea kibla, na kama ilivyo desturi ya adhana, kwenye "njooni kwenye swala" aligeuza uso kulia, upande wa shule, na kwenye "njooni kwenye kufaulu" aligeuza uso kushoto, upande wa pampu ya maji. Wanawake waliopanga foleni na madebe yao walijivunia jambo hilo. "Wale wa shuleni wanaitwa kusali," walisema. "Sisi tunaitwa kufaulu."

Lakini moyo wake ulikuwa makaburini. Makaburi yetu yalikuwa kwenye mteremko kati ya Rubondo na Juru. Njia moja nyembamba ilianzia barabarani ikaishia kwenye kichuguu kikubwa, na maiti walizikwa pande zote mbili za njia hiyo, safu ya kulia na safu ya kushoto. Hatukuwa na saruji wala vibao. Mwadhini alikwenda ziwani kwa baiskeli, akachagua jiwe laini la duara, la namna ambayo huwezi kuipata kwetu juu, akaliweka kichwani pa kila kaburi. Mvua zilishusha matuta, ng'ombe waliokwenda kunywa maji wakayakanyaga, na baada ya miaka miwili ungeona majani tu. Yeye hakuhitaji kuona. Kila Alhamisi baada ya alasiri aliingia kutoka barabarani, akapita katikati polepole, akawasalimu wote kwa majina, huku na huku, mpaka kwenye kichuguu.

Nilimwambia mara nyingi, "Mwadhini, tuandike. Mimi nina daftari."

"Daftari litaliwa na mchwa."

"Na wewe je?"

"Mimi nikiliwa na mchwa, nitakuwa tayari niko nao huko huko. Watanieleza wenyewe nani yuko wapi." Akacheka, nami nikacheka, na hatukuandika.

Lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo mengine hayatafahamika. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Wanaume wanabeba, wanazika, wanarudi. Mama hubaki uani na wenzake, na mahali alipolazwa mtoto wake anapajua kwa kuambiwa tu, kama ataambiwa.

Msimu mmoja surua iliingia Rubondo na kuchukua watoto. Mmoja wao alikuwa binti wa mama Mzaire tuliyemwita Mama Salima. Salima alikuwa na miaka mitatu. Mimi siku hizo nilikuwa nimelala na homa, na wanaume waliosaidia kuchimba walihama baadaye, mmoja akafariki. Aliyembeba Salima mikononi toka mlangoni kwa mama yake mpaka kaburini alikuwa Mwadhini.

Haukupita mwaka, Mama Salima akanijia chuoni. Alisimama nje, mtungi wake mwekundu kichwani, na maji ndani yake.

"Mwalimu, miye nataka kujua fasi mutoto yangu analala."

Nilimjibu kama nilivyofundishwa, nikimtakia heri. Nilimwambia dua hufika popote, na kwamba Mungu anajua alipo, na hilo linatosha. Nilimwambia asubiri.

"Najua Mungu anajua," alisema. "Lakini Mungu hakumubeba mu tumbo."

Nilimwambia astaghfiru. Alistaghfiru, akaenda zake. Mwadhini aliposikia, alinijia akiwa amekasirika, na kukasirika kwake kulikuwa kunyamaza na kukwangua tope kwenye viatu. Mwishowe akasema, "Mimi nitampeleka. Kuzuru makaburi si haramu. Atavaa vizuri, ataketi, atamwombea mtoto, atarudi." Nikamwambia fitina itakuwa nyingi, kila mama atataka, wengine watalia kwa sauti. Nikamwomba angoje Ramadhani ipite. Aliniheshimu kama mwalimu, akangoja. Ndiyo sababu nasimulia habari hizi bila kujificha: aliyefunga njia ya mama yule ni mimi.

Ramadhani ikaisha. Wiki iliyofuata tulikuwa tunaezeka upya paa la msikiti. Mti wa kalitusi ukateleza kutoka juu ukampiga Mwadhini upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio. Hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu kama mtu anayetaka kupumzika, kisha akalala.

Lori la maziwa lilimpeleka Mbarara, na hospitali ikakaa naye majuma mengi. Alirudi akiwa hai, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Mkono na mguu wa kushoto ulikuwa dhaifu, lakini akili yake ilikuwa safi. Alinikumbuka, alikumbuka sura zote alizohifadhi, alikumbuka hata nani alikuwa ameshika mti ule ukamponyoka, na alimsamehe. Tukasema amepona. Siku ya pili mkewe akaniita.

"Mwalimu, njoo umwone ndugu yako anavyokula."

Alikuwa na sahani ya ugali na maharage. Alikula nusu ya kulia, akaisafisha kabisa, kama mtu aliyechora mstari katikati. Kisha akasema, "Hamkupika cha kutosha leo?"

Mkewe akaishika sahani akaizungusha. Mwadhini akatazama, akafurahi. "Kumbe mmeniongezea."

"Kila siku hivi," mkewe akaniambia. "Namzungushia sahani kama usukani wa lori."

Alinyoa ndevu za kulia akaacha za kushoto. Alivaa kanzu mkono mmoja, mwingine ukaning'inia. Alitafuta saa yake nyumba nzima, akamshuku jirani, na saa ilikuwa imefungwa pale pale kwenye mkono wake wa kushoto. Nilipomshika mkono huo nikauinua mbele ya macho yake, alishangaa akaniuliza, "Hii ni saa yangu. Nani kaivaa?"

Msahafu nao. Sisi tunasoma kutoka kulia, naye alianza kila mstari vizuri, akafika katikati, akarukia mstari wa chini. Kwa kuwa alihifadhi, kinywa kiliendelea na maneno ambayo macho yaliyaacha, na yeye hakujua kwamba macho hayakufika. Akimaliza swala alitoa salamu upande wa kulia, akaacha ya kushoto. Mkewe, aliyesali nyuma yetu, aliniuliza kama swala hiyo inafaa. Nikamwambia salamu ya kwanza ndiyo nguzo, ya pili ni sunna, swala yake ni timilifu. Ni kama sheria ilimwekea mtu huyu nafasi tangu zamani, kabla hajaumia.

Mkewe alikuwa mwanamke wa utani, na utani ulimsaidia kubeba. Akitaka kupumzika alikwenda kuketi kushoto kwake. Hapo, kwa mumewe, hakuwapo tena. Wageni wakija, Mwadhini aliwalalamikia: "Mke wangu mzuri, lakini maharage hajui kuyaunga." Mke mwenyewe ameketi hatua moja tu kushoto kwake, anachambua mchele, anacheka kimya mpaka machozi yanamtoka. "Ana wake wawili," aliwaambia. "Wa kulia anapendwa. Wa kushoto anasengenywa." Siku nyingine alisema malaika wa kushoto, yule anayeandika makosa, amepewa likizo. Nikamwonya kwamba malaika hataniwi. Nikacheka nikiwa njiani, Mungu anisamehe.

Alipojaribu kuadhini tena, ameketi juu ya kigoda, sauti ilitoka vile vile. Ila aligeuka kulia kwa yote mawili. Kule kwenye pampu wanawake wakaulizana wana kosa gani hata hawaitwi tena kufaulu.

Ndipo Mama Salima akarudi kwangu. Kaka yake alikuwa amemtumia habari kutoka Zaire kwamba kuna shamba na nyumba vinamngoja, na jamaa kadhaa walikuwa wamepata lori la kuwapeleka mpaka mpakani.

"Kamio inatoka kisha juma mbili," alisema. "Mwalimu, siwezi kuenda bila kumuaga. Nisipojua leo, sitajua tena."

Sikumwambia asubiri. Nilikwenda naye kwa Mwadhini.

Mkewe alitupokea, na bila kufikiri Mama Salima akaketi kwenye mkeka upande wa kushoto. Mimi nikaketi kulia. Nikamwambia Mwadhini, "Ndugu yangu, leo ni Alhamisi. Huwezi kwenda, lakini nisomee majina kama unavyopita. Kutoka barabarani."

Akafumba macho. Uso wake ukatulia, na nikaona kweli amekwenda. Akatoa salamu ya kuingia makaburini, kisha akaanza: yule mzee muuza samaki, yule askari aliyesilimu, bibi aliyekuwa mkunga, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja na neno lake dogo, alikuwa mrefu tukachimba mara mbili, alipenda tumbaku. Majina kumi na moja. Akafika kwenye kichuguu, akafumbua macho.

"Na Salima?" nikauliza.

"Salima yupi?"

"Binti wa Mama Salima. Wa surua."

Akafikiri kwa bidii. "Huyo hayuko. Ningemsalimia."

"Na watoto wa msimu ule wote?"

"Mwalimu, nimekutajia wote. Hakuna wengine."

Mama Salima aliinuka kule kushoto, akazunguka, akaja kupiga magoti mbele yake upande wa kulia. "Baba, ni wewe ulimubeba. Nilikupatia mu mikono yako. Uliniambia usiogope."

Mwadhini alimtazama kwa huruma nyingi, na hakukuwa na uongo machoni pake. "Mama, pole sana. Nakumbuka nilimpokea. Lakini kule hayuko. Nimepita sasa hivi."

Sijasahau sauti aliyotoa mama yule. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama ya mtu aliyeshuka ngazi akakuta ya mwisho haipo. Mkewe Mwadhini alimtoa nje. Nami nilibaki nikimtazama rafiki yangu aliyekuwa ameiacha safu nzima ya watu wetu bila kujua kwamba ameacha kitu, na nikaona kwamba daftari moja la kurasa chache lingetosha, kama ningeshikilia, na kama nisingesema neno langu lile la subira.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kurudi hospitali kutazamwa. Tulipanda lori la maziwa alfajiri, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na madebe. Daktari alikuwa kijana wa Mbarara, mtoto wa askari, aliyekulia kambi ya jeshi na Kiswahili chake kilitoka huko. Nilimweleza kila kitu, sahani, saa, na makaburi. Alisikiliza makaburi kuliko vingine.

"Mzee, macho yake iko sawa. Mimi nilipima. Shida si macho," akasema, akagusa kichwa chake mwenyewe juu ya sikio la kulia. "Hapa ndani ndiyo inashika kushoto. Ikiumia, huyu hawezi kujua kushoto iko."

"Lakini yeye makaburi hayatazami kwa macho, daktari. Alikuwa ameyafumba."

Akasema alisoma jambo kama hilo katika jarida la madaktari. Huko Italia kulikuwa na wagonjwa walioumia mahali hapo hapo, wenyeji wa mji wenye uwanja mkubwa mbele ya kanisa kuu. Madaktari waliwaomba waukumbuke uwanja ule kwa mawazo tu, kwanza kama wamesimama upande mmoja, halafu kama wamesimama upande wa pili.

"Wakasema nini?"

"Tujaribu huyu. Halafu wewe utaona mwenyewe."

Mwadhini aliwahi kuuza samaki Mbarara miaka mingi na aliijua barabara kuu kama kiganja chake. Nami niliijua. Daktari akaketi kulia kwake.

"Mzee, funga macho. Wewe unasimama mlango ya msikiti, unaangalia mpaka pampu ya petroli. Taja maduka."

"Fundi saa," Mwadhini akasema mara moja. "Bucha. Duka la vitambaa la Mwarabu. Kinyozi mwenye kioo kikubwa. Pampu."

Yote yalikuwa ya upande mmoja tu, wa kulia. Nikaanza kumtajia daktari yaliyobaki, akanizuia kwa mkono.

"Sawa. Sasa tembea. Umefika pampu? Geuka. Angalia msikiti. Taja."

Mwadhini alikaa kidogo, midomo ikicheza, kama anasubiri gari lipite. Kisha akasema, "Posta. Duka la dawa. Fundi baiskeli. Ile hoteli ya chai ya mama Mnubi, ana mandazi mazuri. Msikiti."

Hakurudia hata moja la kwanza. Na haya mapya, ambayo dakika mbili nyuma hayakuwako duniani kwake, aliyataja kwa raha na harufu ya mandazi juu yake.

"Unaona?" daktari akasema polepole. Kalamu yake ilikuwa imesimama. "Barabara yote iko ndani. Hakuna duka imepotea. Ni yeye hawezi kugeuka."

Nilisema Subhanallah. Nimesoma maisha yangu yote kwamba mwanadamu ameumbwa kwa ustadi, nimefundisha hivyo watoto wa watoto. Siku hiyo, katika chumba chenye harufu ya dawa, nilijiona kama nimekuwa nikisifu nyumba ambayo sijawahi kuingia. Mji mzima umekaa ndani ya mfupa wa kichwa, na mlango wake unategemea umesimama wapi.

Kisha nikafikiria kichuguu, na nikataka lori liondoke saa ile ile.

Kesho yake tulikuwa watu wanne kwenye mkeka. Safari hii nilimketisha Mama Salima kulia, nyuma yangu kidogo. Kamio yao ilikuwa inatoka baada ya siku tatu.

"Mwadhini," nikasema, "leo hatuanzi barabarani. Umekwisha fika kwenye kichuguu. Kimekugusa mgongo. Unatazama barabara."

"Mbona tunaanzia mwisho?"

"Nikubalie tu."

Akafumba macho. Alichukua muda mrefu. Mkewe aliacha kuchambua mchele. Kisha Mwadhini akatoa salamu, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini, kama mtu aliyeingia chumba chenye waliolala.

"Fundi viatu," akasema. "Anafuata mtoto mchanga wa jirani yake, hakufikisha arobaini. Wanafuata wale mapacha, niliwalaza pamoja. Anafuata Salima, binti wa yule Mzaire wa mtungi mwekundu. Nilimbeba mwenyewe. Alikuwa mwepesi. Hatua yangu moja toka kwa mapacha, nikamwekea jiwe lenye mstari mweupe."

Mama Salima alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwadhini aliendelea, mtoto baada ya mtoto, safu yote ya kushoto ambayo sasa ilikuwa kulia kwake, mpaka akafika barabarani. Alipofumbua macho akamwona.

"Mama Salima, karibu. Umekuja lini?"

Nikamjaribu tena, kwa sababu nilikuwa siamini. Nikamwambia aanze barabarani. Akataja wale kumi na mmoja, akafika kwenye kichuguu. Salima hakuwapo.

Tulikwenda alasiri hiyo, Mama Salima, mke wa Mwadhini na mimi, na jembe. Majani yalifika magotini. Nilianzia kwenye kichuguu nikahesabu kama alivyosema. La kwanza nilipiga jembe nikasikia jiwe. La pili jiwe. La tatu mawili, karibu karibu. Kisha hatua moja, na nilipofukua kwa vidole lilitokea jiwe la ziwani, laini, lenye mstari mweupe katikati.

Mama Salima aliketi chini akalifuta kwa ncha ya kitenge. "Salima," akasema, "mama amekuya." Hakulia kwa sauti kama nilivyokuwa nikihofia miaka yote. Alizungumza naye taratibu, habari za kaka, habari za nyumba mpya, ya kwamba sasa anaenda na hataweza kuja mara kwa mara. Nilisogea pembeni. Nilipoweza kusema nilimwendea nikaanza kumwomba radhi kwa maneno yangu ya zamani.

"Mwalimu, soma Yasini," alinikatiza. "Radhi utaomba nikiwa mu kamio."

Nikasoma. Na siku ya kamio nilimwomba radhi kweli, akiwa juu kati ya magodoro na mtungi wake, naye akasema amesamehe tangu zamani, ila nisiwaambie tena wamama neno lile upesi upesi.

Nilipomweleza Mwadhini yote, hakuelewa, kisha akaelewa kwa namna yake. Kilichomuumiza si ugonjwa. "Basi kuna watu nawapita kila Alhamisi bila salamu," alisema, na machozi yakamtoka. Alifikiri siku kadhaa. Halafu akanambia, "Mwalimu wangu, unasema kuna upande mwingine. Mimi naangalia, sioni upande wala sioni kama kuna kinachokosekana. Lakini malaika sijawaona nawaamini. Pepo sijaiona naiamini. Nitashindwaje kuamini kushoto, na wewe rafiki yangu umetoka huko sasa hivi?"

Tangu hapo kila Alhamisi alipita makaburi mara mbili, ameketi mkekani: kwanza toka barabarani, kisha anasema kwa sauti, "Sasa niko kwenye kichuguu, nimegeuka," na anawasalimu wengine. Nami niliandika safari hii, daftari likiwa magotini, na hakunikataza.

Miaka ikapita. Nilihamia Mbarara kwa wanangu, na siku moja nilirudi Rubondo kuwatazama. Nilifika swala ya alasiri ndiyo kwanza imeanza. Nafasi iliyobaki ilikuwa mwisho wa safu, kushoto kwa mzee aliyesali ameketi kwenye kigoda. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, zimenyolewa sawa pande zote, kazi ya mkewe bila shaka. Saa yake mbovu ilikuwa mkononi, karibu na goti langu, saa nne na robo. Hakujua nimeingia. Kwake mimi sikuwapo popote.

Imamu alitoa salamu. Mwadhini akatoa yake, kulia, kwa wepesi. Nilidhani amemaliza. Kisha nikaona shingo yake inaanza kurudi, polepole, inatetemeka, ikapita katikati, ikaendelea. Uso wote ulinifikia. Macho hayakufika, yalibaki yameshikilia ule upande mwingine, na aliyasema maneno yote mpaka mwisho, akipaelekea mahali ambapo kwa ujuzi wake hapakuwa na kitu.

Nilitoa salamu zangu. Watu wakaanza kuinuka, yeye uso wake ungali kwangu.

"Kuna mtu hapo?" akauliza.

"Yupo," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema, na akaurudisha uso wake kulia.